Alama ya A si Kipimo cha Ulimi

Wazazi wengi nchini Kenya huamini kwamba aliyepata A ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari, lazima awe mzungumzaji hodari, na anapobabaika kwenye mahojiano ya kazi, wao hushuku kwamba aliiba mtihani. Shutuma hiyo si ya haki, kwa kuwa mtihani wenyewe haukumpima akizungumza.

Karatasi zake tatu zina jumla ya alama 200, na zote hujibiwa kwa kalamu. Ni kweli kwamba karatasi ya kwanza ina sehemu ya stadi za mazungumzo yenye alama 30, lakini hata hiyo huandikwa: mtahiniwa anaweza kuulizwa ni neno gani linalotamkwa sawa na "knight", akaandika "night" na kupewa alama yake, ingawa pengine hajawahi kulitamka lolote kati ya hayo mawili mbele ya mtu.

Anayeandika hupata nafasi ya kufikiri, kufuta na kurekebisha. Anayezungumza hana kifutio: ni sharti amsikie mwenzake, atafute neno na kulitamka papo hapo huku akitazamwa usoni, na uwezo huo hauji ila kwa kuzungumza mara kwa mara. Katika darasa la wanafunzi 50, kipindi cha dakika 40 hakimtoshelezi kila mmoja hata dakika moja ya kufungua kinywa, hata kama mwalimu angenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho.