Modi ya maandishi haimo ndani ya faili

Katika ofisi za SACCO na madarasa ya kompyuta hapa Uganda kuna kauli inayorudiwa mno: "Faili hili ni la Windows, ndiyo maana Linux inalikataa." Wengine husema limeharibika, wakamwomba mwenzao wa Mbarara alitume upya, nalo hufika vilevile lilivyokuwa. Faili ni zima. Kinachopaswa kuchunguzwa ni programu iliyoliandika na programu inayolisoma.

Maana yenyewe ni fupi. Kufungua faili kwa modi ya maandishi ni kuiruhusu maktaba ya programu, yaani kodi iliyoandaliwa tayari ambayo programu huitumia, ibadilishe baiti za mwisho wa mstari wakati wa kusoma na kuandika. Kulifungua kwa modi ya bainari ni kupitisha baiti zote kama zilivyo.

Mwisho wa mstari una historia ya mitambo. Teleprinta ilihitaji amri mbili ili kuanza mstari mpya: moja ya kurudisha kichwa cha kuchapia upande wa kushoto, nyingine ya kusogeza karatasi juu. Katika ASCII, jedwali linalozipa herufi na amri namba, amri ya kwanza ni namba 13 na ya pili ni namba 10. CP/M, mfumo endeshi wa zamani, ilihifadhi zote mbili, MS-DOS ya 1981 ikafuata, na Windows ikarithi. Multics, mfumo mwingine wa zamani, iliamua kuwa 10 peke yake inatosha. Unix ikaichukua desturi hiyo na Linux ikaifuata. Kompyuta za Macintosh za zamani, hadi Mac OS 9, zilitumia 13 peke yake, kisha Mac OS X ya 2001 ikahamia kwenye 10 kwa kuwa ina misingi ya Unix.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani mfumo endeshi wenyewe ndio unaochomeka 13 ndani ya faili. Kiini cha Windows, yaani sehemu yake ya ndani inayoandika diskini, hakifanyi hivyo, wala cha Linux. Vyote viwili hupokea furushi la baiti pamoja na idadi yake, na ukikabidhi baiti 7, diskini zinaandikwa 7. Anayebadilisha ni maktaba ya lugha, inayokaa kati ya programu yako na kiini. Ukiandika kwa lugha ya C jina "Okello" na alama ya mstari mpya katika faili lililofunguliwa kwa "w", yaani modi ya maandishi, kwenye Linux utapata baiti 7, kwenye Windows 8, kwa sababu maktaba ya C ya Windows hutanguliza 13 kabla ya kila 10. Orodha ya mistari 1,000 huongezeka baiti 1,000. Ukifungua kwa "wb", yaani modi ya bainari, zote mbili hutoa 7.

Kwenye Linux herufi hiyo "b" inakubaliwa lakini haibadilishi lolote, na ndiyo maana wengi huiacha. Programu hufanya kazi bila tatizo mpaka siku inapojengwa kwenye Windows, na hapo kila picha inayoihifadhi haifunguki: ndani ya picha, baiti 10 ni sehemu ya data tu, lakini kila moja imetanguliziwa 13. Kusoma nako kuna mtego wake. Katika modi ya maandishi, maktaba ya C ya Windows huichukulia baiti 26 kuwa mwisho wa faili, desturi iliyotoka CP/M, ambayo ilipima faili kwa vipande vya baiti 128 na hivyo ikahitaji alama ya kuonyesha maandishi yalipoishia. Picha ikikutana na 26 mapema, usomaji unakoma hapo bila onyo lolote.

Waliobuni PNG, aina ya faili la picha, waliujua ugonjwa huu vizuri. Kila faili la PNG huanza na baiti 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Tazama nne za mwisho: kama mtu amelipitisha katika modi ya maandishi, jozi ya 13 na 10 itapungua au 10 ya mwisho itapata mwenzake, na kisomaji kitagundua uharibifu kabla ya kugusa picha. Ni ubunifu unaostahili heshima.

Lugha ya Python 3 ina utaratibu wake. Ikisoma maandishi, hugeuza 13 na 10, au 13 peke yake, kuwa 10; ikiandika kwenye Windows, hugeuza 10 kuwa 13 na 10. Moduli yake ya csv, inayoandika majedwali kama maandishi, nayo huweka 13 na 10 yenyewe, kwa hiyo usipoandika newline='' unapofungua faili kwenye Windows, kila mstari utaishia na 13, 13, 10, na Excel itaonyesha mstari mtupu baada ya kila mwanachama.

Orodha ya wanachama iliyoandaliwa kwenye Windows ikifika kwenye seva ya Linux, namba ya simu ikiwa safu ya mwisho, skripti (programu fupi) inayogawa mistari kwa 10 tu itaiacha 13 imeng'ang'ania pale. Namba inayoanza na 256 ina tarakimu 12, lakini skripti itahesabu herufi 13 na kuikataa, ingawa machoni haina kasoro. Vivyo hivyo skripti iliyoandaliwa kwa 13 na 10, yenye mstari wa #!/bin/bash juu unaotaja programu ya kuiendesha: Linux hutafuta programu ambayo jina lake linaishia na baiti 13, na haipo.

Kabla ya kuomba faili litumwe upya, endesha juu yake amri ya od -c, inayoonyesha baiti zake. Ukiona \r \n, hiyo ndiyo 13 na 10. Programu ya dos2unix itaiondoa 13. Usiielekeze kamwe kwenye picha au hifadhidata. Na mwenzako akisema "faili la Windows", mwambie kwa upole aseme mistari inaishia na baiti zipi na programu yake inalifungua kwa modi gani, kwa sababu Notepad yenyewe, tangu 2018, hufungua bila shida faili lenye 10 peke yake.