Kusaini mahudhurio siyo kushirikishwa

Nilikaa kwenye mkutano mmoja wilayani Chemba, mkoani Dodoma, chini ya mbuyu, kuzungumzia mpaka wa hifadhi. Karatasi ya mahudhurio ilizunguka kabla ajenda haijasomwa, na wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Ramani ilibandikwa ubavuni mwa gari. Mzee mmoja akaisogelea, akaitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Na lile korongo tunalochimba maji kiangazi, mmeliweka wapi?" Halikuwepo. Akajibiwa kuwa litashughulikiwa, soda zikagawiwa, mkutano ukafungwa. Kwenye ripoti, bila shaka, iliandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa.

Hiyo ndiyo dhana potofu kubwa kuliko zote kuhusu wananchi na uhifadhi: kwamba kuitisha watu na kuwaeleza yaliyokwisha kuamuliwa ni kuwashirikisha. Kwa sheria zetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na ndio chombo cha juu kabisa kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kuigawa bila ridhaa ya mkutano huo. Ukitaka kujua kama mlishirikishwa, usihesabu sahihi. Uliza kama kuna kitu chochote kwenye ramani kilichobadilika baada ya nyinyi kusema.

"Misitu yote ni ya serikali." Hili nalisikia hata kwa viongozi wa vijiji wenyewe. Tathmini ya kitaifa ya misitu iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina takribani hekta milioni 48 za misitu, na karibu nusu iko kwenye ardhi ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kubaki na mapato yake. Tofauti hapa ni muhimu, na wengi huichanganya. Katika msitu wa serikali, kijiji huingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja na kupata sehemu tu ya manufaa; katika msitu wa kijiji, kijiji ndicho chenye mali. Kabla hujatia sahihi, jua ni upi kati ya hiyo miwili.

Na hata hiyo sheria haikutoka hewani. Duru-Haitemba, kule Babati, ulikuwa msitu wa hekta kama 9,000 uliokaribia kutangazwa hifadhi ya serikali. Watu walipoona unaondoka mikononi mwao, wakaongeza kasi ya kuukata. Mwaka 1994 vijiji vinane vikakabidhiwa kuusimamia, vikapanga doria na kanuni zao, uharibifu ukapungua. Waliokuwa wakikata na waliokuja kulinda ni watu wale wale.

Sasa tuje kwa mfugaji, maana huyu ndiye hubebeshwa lawama zote. Wanaosema mifugo ikiondoka ardhi hupona wana ushahidi, tena wa hapa hapa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Ukweli huo haukanushwi na yeyote aliyewahi kupita milima ya Irangi, huko Kondoa. Ila ng'ombe hawakuyeyuka. Walipelekwa maeneo jirani, na mzigo ukahama nao. Nyumbani walikopungua maziwa na samadi, watu walibaki wakingoja. Ilichukua kama miaka kumi ndipo ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa kurudi, safari hii wakilishwa bandani. Binafsi naamini ufugaji wa bandani ungeweza kuwa swali la kwanza badala ya la mwisho, kama mfugaji angekaa mezani tangu mwanzo.

Halafu kuna tembo. Wakitoka Pori la Akiba la Swagaswaga wakaingia kwenye uwele na matikiti, shamba la msimu mzima huisha usiku mmoja. Watu husema "serikali italipa fidia." Hapana. Kanuni za 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, kwa viwango vilivyopangwa. Majina yenyewe yanasema. Hakipimwi kwa magunia uliyotarajia kuvuna. Kwa hiyo toa taarifa kwa mtendaji asubuhi ile ile, nyayo zikiwa bado mbichi, ili afisa wanyamapori afanye tathmini, lakini usipange ada ya shule kwa hela hiyo. Nashangaa jambo dogo hivi halielezwi wazi kwenye mikutano. Mtu anayengoja fidia asiyoipata hawezi kumpenda tembo, wala askari wa uhifadhi.

Dhana nyingine fupi: kwamba kijiji kina sauti moja. Mwenyekiti si mama anayefuata kuni, na huyo si Msandawe mrina asali anayejua kila mti wenye nyuki, wala si Mbarbaig anayepita na mifugo mara moja kwa mwaka na siku ya mkutano yuko mbali. Kwenye mkutano ule wa mbuyu, wanawake walikaa pembeni kabisa, na hakuna aliyewauliza kuni zinatoka wapi.

Mwisho, wadau si lazima waishi kando ya hifadhi. Jiji la Dodoma lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 765,000 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa yetu tunapikia mkaa unaoshuka kwa bodaboda na malori kutoka kwenye misitu hiyo hiyo. Sijawahi kuitwa kwenye mkutano wowote kama mnunuzi. Gunia langu liko uani, nimelinunua Jumamosi, na sikumuuliza muuzaji limetoka msitu gani.