Mababu hawakuwa na "mtetemo wa juu"

Nafundisha historia ya dini hapa Mbeya, na muhula huu nimeulizwa mara ya tano: "Mwalimu, si mababu zetu ndio walioijua sheria ya mvuto kabla wazungu hawajaiiba?" Safari hii aliyeuliza ni kijana wa Tukuyu, tena mwenye bibi aliye hai. Nikamwambia akamuulize bibi.

Sheria hiyo, ya kuwaza utajiri mpaka ulimwengu ukuletee, haina ukale wowote. Ni zao la Marekani ya karne ya 19, la waponyaji waliodai maradhi hutokana na mawazo, kama Phineas Quimby aliyefariki 1866. Mwaka 1906 William Walker Atkinson, mwanasheria, akatoa kitabu cha "sheria ya mvuto" na mitetemo ya mawazo, maneno ya kuazima kwenye fizikia. Mitetemo mnayosambaziana kwenye magrupu ni hiyohiyo. Hakuna chombo kilichowahi kuipima.

Sasa njoo Rungwe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari za Lwembe, mfalme-kuhani wa Lubaga. Uzima wake ulihesabiwa kuwa uzima wa nchi: mvua, mazao, ng'ombe. Akiugua sana, makuhani walimziba pumzi ili nchi isidhoofu pamoja naye. (Nani kati yenu anaomba nafasi hiyo?) Tena kulikuwa na "pumzi ya watu": manung'uniko ya majirani yaliaminiwa kumshukia mkosaji kwa ugonjwa, ndiyo maana kwenye matambiko watu walitakiwa kutamka vinyongo vyao, wasivifiche. Hapo hujifungii chumbani kuwaza Prado.

Madai mengine nayapitia haraka. Chakra (vituo vya nguvu mwilini) saba za rangi za upinde wa mvua? Andiko la Kihindi la 1577, lililotafsiriwa kwa Kiingereza 1919, lina vituo sita na cha saba kileleni, na rangi zake hazifuati upinde wowote. Mpangilio ule ni wa Magharibi, karne ya 20.

Kyala, Mungu kwa Kinyakyusa, ni jina lililoletwa na wamisionari? Walifika Unyakyusa 1891 wakalikuta, likiwa la shujaa aliyetambikiwa pangoni kule Matema. Wao walilipa jina hilo maana ya Mungu wa Biblia.

Dini ilibuniwa na wafalme ili watawale? Nguzo za mawe za Göbekli Tepe, mahali panapodhaniwa pa ibada huko Uturuki, zilisimamishwa na wawindaji yapata miaka 11,000 iliyopita. Mfalme gani huyo?

Kijana alirudi Jumatatu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huo mvuto unapalilia viazi.