Je, wajua pini inayojua kuwaka na kuzima tu hutoaje wimbi laini la sini?

Pini ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, ina majibu mawili: ndiyo au hapana. Kwenye chipu kama ATmega328P inayolishwa volti 5, ndiyo ni volti 5, hapana ni sifuri. Wimbi la sini nalo halina kona hata moja. Hupanda taratibu, hupita kila thamani iliyo kati ya bonde na kilele, kisha hushuka vivyo hivyo. Pini isiyoijua volti 3 italichoraje?

Kwa kuwa haiwezi kubadili volti, hubadili muda. Iwashe kwa robo ya muda na kuizima robo tatu, haraka haraka bila kukoma, na wastani wake utakuwa volti 1.25. Geuza iwe robo tatu imewaka, utapata 3.75. Mchezo huu ndio PWM (pulse width modulation, kubadili upana wa pigo). Kila kuwaka na kuzima ni pigo moja: kimo cha pigo ni kilekile, upana ndio unaobadilika. Ukiupanua na kuufinya upana huo kwa kufuata sini, wastani nao utapanda na kushuka kama wimbi.

Upana huo hausomwi kwa kukokotoa papo kwa papo. Taima ya biti 8 huhesabu kutoka 0 hadi 255 na kuanza upya, na kwa saa ya chipu ya megahezi 16 hufanya hivyo mara 62,500 kwa sekunde, kila duru pigo moja. Maana yake, kila pigo lina midundo 256 tu ya saa, ilhali kukokotoa sini moja ya desimali kwenye chipu hii hula zaidi ya midundo elfu moja. Kwa hiyo majibu huandaliwa mapema na kuwekwa kwenye jedwali: nyuzi 0 ni 128, nyuzi 30 ni 191, nyuzi 90 ni 255, nyuzi 270 ni 0. Programu kazi yake ni kuchota tu.

Kasi ya kuchota ndiyo inayoamua masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, na hapa kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote. Unaweka kihesabio cha biti 32, na kwa kila pigo unakiongezea namba ileile. Biti zake 8 za juu ndizo zinazoonyesha ni mstari upi wa jedwali usomwe. Kwa wimbi la hezi 50 namba hiyo ni 3,435,974. Kihesabio kikijaa hurudi mwanzo chenyewe bila kuamrishwa, na wimbi jingine huanza. Ukitaka hezi 50.1, ongeza namba kidogo tu, jedwali huligusi.

Mpaka hapo, ukichomeka osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, kwenye pini hutaona wimbi lolote, utaona msitu wa mapigo ya mraba. Wimbi limo humo ndani, linasubiri kuchujwa. Rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 hufanya kichujio kinachoanza kukata karibu na hezi 1,590. Hezi 50 hupita kama haijaona kitu, lakini mapigo ya hezi 62,500 hupunguzwa takribani mara 39. Si haba, ila wimbi bado lina manyoya: kama milivolti 80 juu na chini. Ongeza hatua ya pili, safari hii kiloomu 10 na nanofaradi 10. Mkato ni uleule, lakini rezista kubwa hailemei hatua ya kwanza. Manyoya hushuka hadi milivolti 2 hivi.

Mimi nilianza vibaya. Nilitumia analogWrite, amri ya Arduino ya kutoa PWM, kama ilivyo, ambayo kwenye pini nyingi za Arduino Uno, bodi inayotumia chipu hii, hupiga mara 490 kwa sekunde. Kwa wimbi la hezi 50 hayo hayafiki hata mapigo kumi. Nikapata ngazi. Nikaongeza kapasita, ngazi zikapungua, na wimbi lenyewe likasinyaa nazo, maana kichujio hakiwezi kutenganisha vitu vilivyosogeleana hivyo. Dawa ilikuwa kuharakisha taima.

Ndiyo maana sina haraka ya kukimbilia biti 10. Zina hatua 1,024 badala ya 256, lakini taima inayohesabu hadi 1,023 kwa saa ileile hupiga mara 15,625 tu, na mapigo yanalikaribia wimbi upya.

Wimbi hili pia huelea juu ya volti 2.5, kwa hiyo weka kapasita mfululizo kwenye njia ya kutokea ikiwa unataka livuke sifuri. Na usiunge spika ya omu 8 moja kwa moja: zile kiloomu zitabaki na karibu volti yote, nawe utabaki umetega sikio. Pitisha kwanza kwenye amplifaya.