Street Fighter II ilivyoingia nyumbani: kilichokatwa, kilichobaki, na kilichobadilika mkononi

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kufufua konsoli za zamani, swali huwa lile lile: Street Fighter II, ile gemu ya kupigana, toleo lake la nyumbani lililo bora ni lipi? Wengi hutegemea nianze na picha. Mimi huanza na vitufe. Nimefungua kaseti nyingi za gemu hii, nikapima chipu zake na kulinganisha mwendo wake na wa mashine ya ukumbini, na msimamo wangu haujayumba: toleo zuri ni lile linaloupa mkono kile kile ulichokuwa unapata kwenye mashine ya sarafu. Picha ikipungua, jicho huzoea ndani ya raundi mbili. Kidole hakizoei.

Kampuni ya Capcom ya Japani iliitoa Street Fighter II: The World Warrior mwaka 1991 kwenye mashine za ukumbini, ikiendeshwa na bodi yao ya CPS-1. Usanifu ulikuwa mikononi mwa Akira Nishitani na Akira Yasuda, na sehemu kubwa ya muziki aliitunga Yoko Shimomura. Wahusika wa kuchagua walikuwa wanane, na mwishoni walikusubiri mabosi wanne. Mbele yako kulikuwa na stiki moja na vitufe sita: safu ya juu ngumi tatu, safu ya chini mateke matatu, kila safu ikianza na pigo jepesi, la kati, kisha zito.

Hivyo vitufe sita havikuwa mapambo. Pigo jepesi hutoka haraka na kurudi haraka, lakini linaumiza kidogo. Zito linaumiza sana, ila likikosa unabaki wazi mbele ya adui. Zaidi ya hapo, wahusika wengi hubadilisha pigo kulingana na umbali: bonyeza ngumi nzito ukiwa mbali upate pigo moja, ibonyeze ukiwa umemkaribia adui upate jingine kabisa.

Chukua mfano mmoja. Ryu, mmoja wa wale wanane, amechuchumaa, anapiga teke la kati. Teke linampata adui, na kabla Ryu hajaurudisha mguu wewe unamalizia stiki chini, mshazari mbele, mbele, kisha ngumi. Hadoken, mpira wake wa moto, inatoka na kuikatisha ile harakati ya kurudisha mguu. Adui aliyepigwa teke bado anayumba, hana nafasi ya kujikinga na moto unaokuja. Muda wa kufanya hivyo ni fremu chache tu, na fremu moja kwenye mashine inayochora picha takriban 60 kwa sekunde ni kama milisekunde 17. Mapigo ya kuunganishwa hayakupangwa tangu mwanzo. Noritaka Funamizu wa Capcom aliyaona alipokuwa anakagua hatua ya bonasi ya kuvunja gari, akagundua pigo la ziada linaweza kuingia katikati, wakaamua kuyaacha. Gemu za kupigana zilizofuata karibu zote zimejengwa juu ya uamuzi huo. Ndiyo maana ninapopima toleo la nyumbani, ni hapa ninapotazama kwanza.

Sasa fikiria kazi ya waliotakiwa kuihamishia kwenye Super Nintendo. Kwenye bodi ya ukumbini, picha peke yake zilichukua megabaiti 6. Kaseti ya Super Nintendo iliyotoka mwaka 1992 ilikuwa ya megabiti 16, yaani megabaiti 2, na humo ndani wakae wahusika, mandhari, muziki, sauti na programu yenyewe. Kioo cha CPS-1 kina pikseli 384 kwa upana, cha Super Nintendo 256, ambayo ni theluthi mbili tu. Huwezi kubeba mchoro ulivyo ukaubandika. Lazima uchorwe upya, mdogo, kisha umbali wa kila ngumi na kasi ya kila Hadoken vipangwe upya viendane na kioo hicho chembamba.

Wakakata. Utangulizi ule wa watu wawili wanaopigana barabarani mbele ya umati uliondoka. Hatua ya bonasi ya mapipa yanayoporomoka nayo iliondoka, mahali pake pakawekwa matofali ya kuvunja. Baadhi ya vitu vinavyojongea kwenye mandhari vilipunguzwa. Lakini teke la kati la Ryu bado linakatishwa kwa Hadoken, na unalipata kwa hisia ile ile. Mtu aliyejifunzia ukumbini aliweza kukaa nyumbani akaendelea pale alipoishia. Kwangu mimi huo ni uhandisi wa hali ya juu, kwa sababu waliofanya kazi hiyo walijua kipi ni nyama na kipi ni mchuzi.

Pedi ya Super Nintendo nayo iliwabeba. Ina vitufe vinne usoni na viwili mabegani, jumla sita. Mpangilio wa kiwandani ni Y, X na L kwa ngumi, kisha B, A na R kwa mateke, kutoka jepesi hadi zito. Pigo zito kuwa begani ni jambo la kuzoea, lakini kila pigo lina kitufe chake. Kaseti hiyo ilikuwa pia na siri ambayo mashine ya ukumbini haikuwa nayo: nembo ya Capcom inapotokea, bonyeza chini, R, juu, L, Y, B, na wachezaji wawili wataweza kuchagua mhusika mmoja. Ryu kwa Ryu. Ukumbini jambo hilo lilikuja na Champion Edition ya mwaka 1992, iliyowafungulia wachezaji wale mabosi wanne pia. Capcom wenyewe wanahesabu mauzo ya kaseti hiyo ya kwanza kuwa zaidi ya milioni 6, na sishangai.

Kwenye Mega Drive, konsoli ya Sega, hadithi ni tofauti. Gemu ilifika mwaka 1993 kwa jina la Special Champion Edition, kaseti ya megabiti 24, na utangulizi wa barabarani ukiwamo. Tatizo lilikuwa pedi. Mega Drive ilizaliwa na vitufe vitatu, A, B na C. Ukicheza kwa pedi hiyo, vitufe ni vya ngumi mpaka ubonyeze Start, halafu vinakuwa vya mateke. Ubonyeze tena, vinarudi kuwa ngumi. Rudi kwenye mfano wangu: teke la kati, kisha Hadoken inayotaka ngumi. Katikati ya fremu zile chache lazima kidole kikimbilie Start. Kwa watu wengi haiwezekani, na hata anayeweza anacheza gemu nyingine kabisa. Sega walitoa pedi ya vitufe sita mwaka huo huo, na ukiwa nayo Mega Drive inabadilika. Kwa mikono yangu, kile kidude cha kuelekeza cha duara kinamzungushia mhusika Zangief ule mzunguko kamili unaotoa mtupo wake vizuri kuliko msalaba wa Super Nintendo, ambao huacha gumba na alama.

Sauti za Mega Drive zinasemwa vibaya, na kwa upande wa sauti za watu ni haki. Zinakwaruza. Sauti iliyorekodiwa kwenye konsoli hiyo hupitia chaneli moja tu, ya sita, ya chipu YM2612, na mapigano haya yanataka kelele mbili au tatu kwa wakati mmoja. Ila nawaomba wanaocheka wasikilize muziki. Chipu hiyo ni ndugu wa YM2151 iliyokuwa ndani ya CPS-1. Zote ni za Yamaha na zote huunda sauti kwa mtindo wa FM, yaani chipu hutengeneza mawimbi ya sauti yenyewe badala ya kucheza rekodi. Super Nintendo haina FM. Inacheza vipande vya ala vilivyorekodiwa, vilivyobanwa kwenye kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Vinapendeza, lakini ule ukali wa chuma wa ukumbini unausikia zaidi kwa Sega.

PC Engine ya NEC nayo ilipata Champion Edition mwaka 1993, Japani tu. Ile kadi ya megabiti 20 ilikuwa kubwa kuliko kadi zote za konsoli hiyo, imevimba juu kwa sababu chipu hazikuenea kwenye unene wa kawaida. Konsoli ina tabaka moja tu la mandhari, bado gemu inakwenda vizuri mno, na NEC Avenue walitoa pedi ya vitufe sita ya kuisindikiza. Toleo hili husahaulika bila sababu.

Kuna jambo linatuhusu sisi moja kwa moja, na waandishi wa Marekani na Japani hawaligusi kwa sababu halikuwapata: televisheni. Kenya, Tanzania na Uganda zilifuata mfumo wa PAL kama Uingereza, picha 50 kwa sekunde, si 60. Street Fighter II huhesabu muda kwa fremu. Ikichezwa kwa 50 bila kurekebishwa, kila kitu kinapungua kwa karibu asilimia 17, na mistari myeusi inakaa juu na chini ya picha kwa kuwa kioo cha PAL kina mistari mingi zaidi. Sonic Boom, pigo la mbali la mhusika Guile, inataka ushikilie nyuma kwa muda fulani kabla ya kusukuma mbele. Kama muda huo ni sekunde moja kwenye 60, kwenye 50 unakuwa sekunde 1.2. Ukiizoea hiyo, siku ukikaa kwenye mashine ya 60 utajikuta unachelewa, na adui amesharuka. Ndivyo kaseti ya Ulaya ya mwaka 1992 ilivyokuwa.

Wanaoniletea Super Nintendo za PAL huwa nawawekea swichi ya 50/60. Unanyanyua mguu wa 24 wa chipu ya picha PPU1 na wa 30 wa PPU2, unaipeleka yote miwili kwenye swichi ndogo nyuma ya ganda. Ni kazi ya mkono mtulivu na ncha nyembamba ya pasi ya kuchomelea, kwa kuwa miguu hiyo huvunjika ukiilazimisha. Hakikisha kwanza televisheni yako inakubali 60. Ukishaibonyeza hiyo swichi mistari myeusi inatoweka na Chun-Li anaruka kama anavyopaswa.

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, hata hivyo, Street Fighter ya kwanza nyumbani haikuwa ya Nintendo wala Sega. Ilikuwa kwenye zile konsoli za kuiga Famicom, konsoli ya Nintendo iliyotangulia Super Nintendo, kaseti bila leseni, wahusika wachache, vitufe viwili. Siidharau. Lakini ngumi moja na teke moja haviwezi kubeba ule mchezo wa umbali na muda. Game Boy, iliyopata toleo halali mwaka 1995, ilijaribu njia nyingine kwa vitufe hivyo hivyo viwili: ukigusa unapata pigo jepesi, ukishikilia unapata zito. Wazo ni la kiakili, ila sasa nguvu ya pigo inalipiwa kwa muda, na muda ndio mali ya gemu hii. Dhalsim, E. Honda na Vega hawakuingia kabisa.

Kaseti ziliendelea kunenepa. Turbo ya Super Nintendo, 1993, megabiti 20, ikaleta kasi ya Hyper Fighting, toleo la ukumbini lenye mwendo wa haraka zaidi. Hilo ndilo toleo la zama za kaseti ninalolipa nafasi ya kwanza, kwenye 60. Super Street Fighter II ya 1994 ilifika megabiti 32 kwa Super Nintendo na 40 kwa Mega Drive, ikiwa na Cammy, Fei Long, T. Hawk na Dee Jay, lakini kasi ya Turbo ilikuwa imeshawaharibu watu, na wengi waliiona inakokota. Super Turbo, toleo lililofuata, iliingia nyumbani kwa diski ya konsoli ya 3DO mwaka huo huo, ikiwa na muziki uliopangwa upya unaovutia sana. Gharama yake ilikuwa kusubiri diski isome.

HD Remix ya mwaka 2008, toleo jipya la Super Turbo, ilichorwa upya yote na wachoraji wa UDON, na msanifu David Sirlin akapanga upya uwiano wa wahusika, akalegeza na baadhi ya amri ngumu. Mimi naiheshimu kwa kuacha pia uwiano wa zamani ndani yake kwa anayeutaka.

Kwa anayetaka kununua leo bila kuhangaika na pasi: Street Fighter 30th Anniversary Collection ya mwaka 2018 inabeba matoleo ya ukumbini, si ya konsoli. Toleo la Super Nintendo la Turbo lipo ndani ya Super Nintendo ndogo ya mwaka 2017, na hata iliyouzwa Ulaya huchezesha gemu zake kwa mwendo wa 60. Special Champion Edition ipo ndani ya Mega Drive Mini ya mwaka 2019. Ila zilizouzwa Ulaya na Marekani zilikuja na pedi za vitufe vitatu, kwa hiyo weka bajeti ya pedi ya vitufe sita ya USB inayokubaliana nayo, na uinunue siku hiyo hiyo.