Mbano wa hedseti: ni nini, na unaamuaje sauti unayoisikia

Upinde wa hedseti, ule unaopita juu ya kichwa, hufanya kazi kama springi. Unautanua ili kuvaa, ukiuachia unataka kurudi ulivyokuwa, lakini kichwa kimeshakaa katikati. Matokeo yake vikombe viwili vinasukuma pande zote mbili za kichwa muda wote ukiwa umevaa. Msukumo huo ndio mbano. Ni nguvu kama nguvu nyingine, hupimwa kwa nyutoni, ila kwenye sanduku ni nadra kuukuta. Utakachokuta ni kipenyo cha spika, picha ya taa za rangi na "7.1", yaani ahadi ya sauti inayokuzunguka pande zote, iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa.

Anayekagua hedseti ya gemu ya bei nafuu kwa kawaida huuliza mambo mawili: inakaa vizuri? Na sauti je? Huyauliza kama mambo yasiyojuana. Kumbe yote mawili yanapitia kwenye mbano.

Spika iliyo ndani ya kikombe ni ndogo, mara nyingi milimita 40 au 50. Ili itoe mngurumo wa injini au kishindo cha bomu, inahitaji hewa iliyofungiwa kati yake na sikio. Kimito kinachozunguka sikio ndicho ukuta wa kuifungia hewa hiyo, na mbano ndio unaokishikilia kimito mahali pake. Kukiwa na mwanya, hata mdogo, besi, yaani sauti nzito za chini, ndiyo inayopungua kwanza, huku sauti za kati na za juu zikibaki karibu vilevile. (Nazungumzia hedseti ambazo kikombe kimezibwa nyuma ya spika, kwa sababu za wazi huwa na besi ya namna nyingine tangu zinapotengenezwa.) Ndiyo maana hedseti moja husifiwa na huyu kwamba ina besi ya kutikisa, na yule akaapa kwamba inalia kama debe tupu. Hakuna aliyedanganya. Mmoja ana kichwa kipana, mwingine chembamba, au ana nywele nyingi, au amevaa miwani.

Miwani ina makali ya pande mbili. Mkono wake unakinyanyua kimito na kuacha mwanya, na wakati huohuo mbano unaugandamiza mkono huo kwenye fuvu. Mimi navaa miwani na nililijua hilo kwa kuumia. Niliwahi kuijaribu hedseti moja kwa dakika mbili, nikaona laini kama mto wa kulalia, nikaichukua. Kufika mechi ya tatu nilikuwa naivua kila mchezo unapokatika, nikisugua juu ya masikio. Dakika mbili hazikwambii kitu. Ivae saa nzima, tena ukiwa unaongea, maana taya linapotembea hukisogeza kimito, na hedseti isiyokaa sawasawa utaisikia sauti yake ikipanda na kushuka kila unapomwita mwenzako kwenye timu.

Kujua kama mbano unatosha hakuhitaji chombo. Weka wimbo wenye besi inayoendelea bila kubadilika, kwa sauti ya wastani, kisha uvisukume vikombe kuelekea masikioni kwa viganja, taratibu. Besi ikijaa ghafla, kulikuwa na mwanya. Ikibaki kama ilivyokuwa, kimito kilikuwa kimeziba. Halafu iname kama unayefunga kamba za viatu. Ikiteleza hadi usoni, ama mbano ni hafifu ama hedseti ni nzito kuliko mbano wake.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Vikombe vikishika vizuri pembeni, msuguano wake hubeba sehemu ya mzigo. Visiposhika, mzigo wote unakwenda utosini, na utaona alama nyekundu palepale upinde ulipolalia. Mbano hafifu si sawa na starehe, basi. Si tatizo jipya, maana Nathaniel Baldwin wa Marekani, aliyeliuzia jeshi la majini la nchi yake vipokea sauti vya kichwani mwaka 1910, alitumia upinde wa nyaya mbili zilizovikwa ngozi, na tangu hapo wabunifu hawajaacha kuhangaika na kile kinachogusa kichwa.

Kimito cha ngozi bandia huziba vizuri zaidi lakini hutokosa masikio, na baada ya muda huanza kubanduka magamba. Cha kitambaa hupitisha hewa, besi ikapungua kidogo. Kwa gemu za kufyatuliana risasi upungufu huo mimi naupenda, kwa sababu besi ikizidi hufunika hatua za adui anayekunyemelea, na hatua hizo ndizo zinazokuweka hai.

Maandishi mengine ya sandukuni hayastahili muda mrefu. "Hz 20 hadi 20,000" (Hz ni mitetemo kwa sekunde) ni takriban upeo wa sikio la binadamu. Bila kuambiwa sauti inapanda na kushuka kiasi gani ndani ya upeo huo, hujaambiwa chochote. Na ile 7.1 mara nyingi ni spika mbili zilezile, kulia na kushoto, pamoja na programu inayoiga jinsi kichwa na masikio yanavyoibadilisha sauti kulingana na upande inakotoka.

Kuna gharama nyingine ya mwanya. Kelele za nje zinaingia, nawe unaongeza sauti ili kuzishinda. Shirika la Afya Duniani linataja sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto, na mchezaji wa kila siku anaweza kuzimaliza saa hizo bila kushtuka.

Mbano ukiwa mkali kupita kiasi, upinde wenye chuma ndani unaweza kulegezwa kwa kuivisha hedseti rundo la vitabu lililo pana kidogo kuliko kichwa chako, ikalala hivyo usiku kucha. Wa plastiki tupu usiujaribu, kwa kawaida hukatika kwenye bawaba. Ila hata usipougusa, mbano hupungua wenyewe kwa miezi. Upinde hulegea na sponji ya vimito hubonyea, hadi sikio linagusa kitambaa kinachofunika spika. Besi inafifia, mwenye nayo anasema spika zimechoka na kuanza kutafuta hedseti nyingine. Mara nyingi spika hazina neno. Vimito vipya vikivalishwa, besi inarudi.