"Humu Hamna Neno Gumu, Mwalimu"

Sentensi hiyo nimeisikia tena Jumatatu, na safari hii imenikera vya kutosha kuiandikia. Mtu anaingia stationari hapa Mwanga, Kigoma, ninapotafsiri karatasi za watu, anatua zake mezani, anazipekua haraka haraka mbele yangu kama muuza vitenge, halafu: "Ni Kiingereza chepesi tu, Mwalimu. Maneno yote nayajua. Humu hamna neno gumu. Nipunguzie basi."

Mteja wa Jumatatu ni kijana wa Kibirizi anayetaka kukodi injini ya boti. Mkataba una kurasa mbili. Mwenye injini ameuokota kwenye intaneti akabadilisha majina. Kijana alishajaribu kuutafsiri mwenyewe kwa kamusi ndogo ya shule, kwa penseli, juu ya kila neno. Kifungu cha saba kinataka injini irudishwe katika hali iliyokuwa nayo, "fair wear and tear excepted". Juu ya "fair" ameandika haki. Juu ya "wear", vaa. Juu ya "tear", machozi.

Kuvaa kwa haki na machozi. Nilicheka hadi dada wa fotokopi akaja kuangalia kuna nini. Halafu kicheko kikakata, kwa sababu kifungu hicho ndicho kitakachoamua nani ananunua propela mpya ile ya sasa ikilika kwa mchanga. Kinasema uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida haumhusu aliyekodi. Kijana alikuwa anakaribia kusaini maneno yanayomlinda bila kujua kwamba yanamlinda, na siku ya ugomvi angelipa tu.

Kwingine mambo yalikuwa yale yale. "Parties", yaani pande za mkataba, zilikuwa sherehe: sherehe ya kwanza inaikabidhi sherehe ya pili injini. "Run the engine", kuendesha injini, ilikuwa kukimbia na injini, jambo ambalo mwenye mali angelipeleka polisi. Kwenye "bear all charges", kubeba gharama zote, aliandika dubu, akaweka alama ya kuuliza. Hapo hata yeye alistuka.

Basi tuelewane kuhusu neno gumu. Neno gumu halinisumbui. "Photosynthesis" ni usanisinuru, leo na kesho, Kigoma na London. "Hepatitis" ni homa ya ini. Ukikutana na neno la namna hiyo unajua kwamba hulijui, unafungua kamusi, yamekwisha. Neno linalonilaza macho ni lile la herufi tatu ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua, kwa sababu neno unalodhani unalijua hulitafuti. Kijana hakukosea kwenye "excepted". Hilo aliliacha wazi kwa heshima. Alikosea kwenye "fair", "wear" na "tear", na aliyaandika kwa mkono usiotetemeka.

Kwa wanaopenda takwimu: kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989 lenye majuzuu 20, ilikuwa na "set" kama neno lenye maelezo marefu kuliko yote, maana zaidi ya 400. Walipoanza kuipitia upya, "run" ikaipita. Mhariri Peter Gilliver alitumia miezi tisa kwenye neno hilo moja, akafikisha maana 645 kwa kitenzi peke yake. Miezi tisa! Mimi naambiwa nipunguze bei kwa sababu "run" ni kukimbia.

Hebu tuishike hiyo "run" kidogo. Treni kutoka Tabora kuja huku "runs", kwetu inafanya safari. Pua ya mtoto "runs", inatoka kamasi. Kitenge kibovu ukikifua rangi "runs", inachuja. Mgombea "runs", anagombea. Mama mwenye genge pale sokoni "runs" genge lake, analiendesha. Mkataba "runs" miaka miwili, unadumu. Bomba "runs", maji yanatiririka, siku yanapopatikana. Kila mahali Kiswahili kinatoa kitenzi kingine, na hakuna hata kimoja ambacho mtu angekipata kwa kuanza na kukimbia.

Hapo ndipo linapokuja swali linaloniudhi kuliko hata hilo la bei: "Sawa Mwalimu, lakini maana yake halisi ni ipi?"

Maana halisi. Kana kwamba neno lina maana moja ya kuzaliwa, na nyingine ni za kuazima, zikirudishwa kwa wenyewe neno litabaki safi. Huwa namuuliza mtu: wewe unapopiga simu, unaipiga kwa nini, imekukosea nini? Unapopiga pasi? Unapopiga mswaki, picha, kura, hodi, chafya, magoti, deki? Anacheka, anasema hayo ni tofauti, hayo yanaeleweka. Yanaeleweka kwa sababu ya jirani yake. "Piga" ikikaa karibu na "hodi" tunajua la kufanya, na hakuna Mswahili anayesimama mlangoni akiwaza kofi. Au chukua "kata". Nakata tiketi, nakata rufaa, nakata kiu, nakata kona, nakata tamaa. Kama maana halisi ni ya kisu, basi kiu imekatwa wapi? Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwa Kiingereza kwamba "I cut the ticket of the train". Mwingereza akisoma hapo anaona mkasi na vipande vya karatasi, na anashangaa huyu mtu atasafiri vipi.

Yaani sote tunafanya hesabu hii kila siku kwa lugha yetu bila kutoka jasho, na tukivuka kwenda Kiingereza tunaisahau mlangoni. Tunadai kila neno lisimame peke yake lijieleze. Neno halijielezi peke yake. Ukiniuliza "get" maana yake nini, bila sentensi, jibu langu la kitaalamu ni kwamba sijui. Watu hudhani naringa.

Sasa niseme na yale ambayo vitabu vya kozi vinayapitia kwa kasi. Vitabu vinakupa makundi mawili safi. Kuna neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana, na kuna maneno mawili tofauti yaliyokutana sura kwa bahati. Kwa Kiswahili mfano wa kundi la pili ni paa: paa la nyumba na paa wa porini. Hakuna ubishi, hata ngeli zinakataa. Lakini korongo? Ndege mwenye miguu mirefu ni korongo, na bonde linalochimbwa na mvua kwenye miteremko yetu ni korongo. Ni maneno mawili, au kuna mtu zamani aliona kitu kimoja katika hivyo viwili? Siwezi kuapa. Kiingereza nacho kinamwita ndege huyo "crane", na winchi ya bandarini "crane" vilevile, na hapo tunajua kwa hakika kwamba mashine ilipewa jina la ndege kwa sababu ya shingo.

Halafu kuna "bank", mfano unaopendwa na kila mwalimu: ukingo wa mto na nyumba ya fedha, maneno mawili tofauti kabisa, andika kwenye daftari. Na mimi niliandika ubaoni hivyo kwa miaka. Baadaye nikagundua kwamba ile ya fedha imepitia Italia, kwenye benchi au meza ya wabadilisha fedha, na Waitalia wenyewe walilipata neno hilo kwa watu wa jamii ya lugha za Kijerumani, ukoo uleule uliozaa ile ya mto. Ni binamu waliopotezana wakakutana Uingereza bila kutambuana. Kinyume chake ni "ear": sikio, na pia suke la nafaka. Waingereza wengi wakiulizwa watasema ni neno moja, maana suke limechomoza kama sikio. Asili yake ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa hiyo nani mwamuzi, historia ya neno au kichwa cha msemaji? Kazini nafuata kichwa cha msemaji, lakini nikiwa peke yangu usiku sina uhakika. Na hizo maana 645 nazo nazitazama kwa jicho moja. Mhariri mwingine, mwenye subira ndogo au kubwa zaidi, angefikisha idadi nyingine. Mpaka kati ya maana na maana ameuchora mtu.

Vitenzi vyenye vijineno nyuma yake, "put up", "put out", "put off", "put up with", nitaviruka. Ukitaka ugomvi na mtafsiri mlipe kwa ukurasa halafu umletee hivyo.

Neno moja la haraka kwa ndugu zangu wenye kesi: "discharged". Kwenye cheti cha hospitali, mgonjwa ameruhusiwa. Kwenye maelezo ya kidonda, "discharge" ni majimaji au usaha unaotoka. Kwenye karatasi ya mahakama, msishangilie mapema. Mara nyingi ni kwamba mashtaka yameondolewa, na mtu anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa kwa jambo lilelile. Aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa huandikiwa "acquitted". Nimeshaona familia inanunua soda kreti mbili kwa neno la kwanza.

Lakini nisijifanye mjuzi. Kosa ninalolikumbuka zaidi ni langu mwenyewe, na lilikuwa kwenye sentensi yenye maneno manne.

Mzee mmoja wa Ujiji aliniletea simu nimsomee ujumbe. Dada yake aliolewa ng'ambo ya ziwa, vita vikamrudisha huku hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kutoka kambini akapelekwa Marekani pamoja na wajukuu. Wajukuu wamekulia huko, Kiswahili kimewakauka, wanaandika Kiingereza. Ujumbe ulisema: "Grandma passed on Tuesday. We will call when things are settled." Maneno ya darasa la tano. Nikasoma bila hata kuvuta pumzi: "Bibi alipita Jumanne. Watapiga simu mambo yakitulia."

Mzee akanitazama. "Alipita wapi, mwanangu? Yule anaumwa miguu."

Nikarudia kusoma kimya kimya. Wamarekani husema "passed" pekee, wakimaanisha amefariki. Wapo pia wanaosema "passed on". Katika sentensi ile hujui kama "on" ni ya kitenzi au ya Jumanne, na hadi leo sijui. Kwa mzee isingebadilisha kitu. Nilivuta kiti nikamwomba akae kwanza. Sisi wenyewe tunasema ametutoka, ametangulia, na mgeni anayejifunza Kiswahili angeweza kumuuliza mfiwa ametangulia kwenda wapi. Nilikuwa nalijua hilo. Nilishawahi kulifundisha. Siku ile sikuliona kwa sababu "pass" ni kupita, nani asiyejua.

Turudi kwa kijana wa Kibirizi. Programu za kwenye simu siku hizi zinatazama majirani wa neno kuliko ile kamusi yake, na "wear and tear" pengine zingempa uchakavu. Hiyo "fair" ndiyo iliyonikalisha. Niandike uchakavu wa kawaida? Unaokubalika? Na nani atakayekubali, siku propela imelika na wote wawili wamekasirika? Nimeandika "uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi yanayofaa". Hiyo "yanayofaa" nimeifuta na kuirudisha mara tatu, na sijaipenda. Nilimwambia akae na mwenye injini wataje kwa majina vitu vinavyolika: propela, plagi, mpira wa mafuta. Viandikwe chini ya kifungu, wote wasaini.

Bei sikupunguza. Alitoa nusu, akasema nyingine ataileta kesho. Hilo nalo ni neno jepesi.